Mengine Vincent Atakueleza

Tarime Mjini,
7 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo. Mshono wangu umekauka, na Ponsiano ananyonya mpaka ananichosha. Ana wiki tano tu lakini ana mashavu ya mtu mwenye shamba lake. Nakuandikia barua kwa sababu nikipiga simu Vincent anaiweka sauti kubwa mtaa mzima usikie, na huko Busawe mtandao unakuja na kuondoka unavyotaka.

Asante kwa kumpokea Winfrida wakati huu wa uzazi. Miaka mitano ni mingi kwa ubishi na midogo kwa kazi, najua anakusumbua. Asante pia kwa unga wa wimbi na maziwa. Uji nakoroga kila asubuhi. Maziwa, nisikufiche, niliyachemsha, maana mimi ni muuguzi na nimeona mengi. Yalikatika yote, lakini nilijitahidi kuyanywa. Kibuyu nimekiosha vizuri kwa sabuni, nikakisuuza kwa maji yenye dawa ya kuua vijidudu, nikakianika juani siku mbili. Nakurudishia kikiwa safi kabisa.

Kwenye boksi kuna ndizi za kupika, maharage mekundu na mayai kumi na mawili niliyoyafunga kwa magazeti. Winfrida ale yai moja kila siku. Ndizi zimenywe, zichemshwe pamoja na maharage, kitunguu, nyanya na samli kidogo. Zisikaangwe. Ugali usimpe usiku, tumbo lake halijazoea. Kwetu Muleba mtoto wa umri wake anakula ndizi mchana na jioni, na wote tulikua.

Mengine Vincent atakueleza, maana si vizuri mkwe kukwambia kila kitu mwenyewe.

Mkweo,
Editha


Busawe,
21 Julai 2024

Mama Wegesa,

Marahaba. Boksi tumelipokea. Mayai mawili yalivunjika, mumeo anaendesha hilo fuso kama anakimbizwa.

Sasa kibuyu. Nilikifungua, nikanusa, nikakaa chini. Kile kibuyu alinipa mama mkwe wangu mwaka niliomzaa Vincent. Kimelisha watoto wangu sita na watoto wao. Sabuni hakijawahi kuijua. Kibuyu kinasafishwa kwa maji ya moto na kijinga cha moto, basi, na ule moshi ndio unaoyafanya maziwa yawe maziwa. Nimeweka maziwa humo mara tatu, na mara tatu yametoka yananuka hospitali. Mbwa ameyakataa. Nimekitundika ukutani, hakifai hata kuwekea mbegu.

Sikutukani. Nasema tu kwamba mwaka wa saba huu umeolewa hapa, na hujauliza siku moja kibuyu kinaoshwaje.

Ndizi nilizipika kama ulivyoandika, karatasi mkononi kama niko kwenye mtihani. Wegesa (mimi namwita Wegesa, jina alilopewa hapa) alikula zote, halafu akauliza chakula kiko wapi. Sikumfundisha mimi. Ndizi ni ya kutuliza tumbo watu wakingoja chakula, hata mtoto anajua. Usiku nikampa ugali wa mtama na maziwa, akalala mpaka jua likatoka. Amenenepa. Alikuja na miguu ya korongo.

Aliuliza habari zako. Nikamwambia mama anapumzika.

Mengine Vincent atakueleza.

Mama mkwe wako,
Kezia Mseti


Tarime Mjini,
11 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo. Kuhusu kibuyu, nisamehe. Nilisoma barua yako nikalia, kisha nikamfuata Vincent nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Alikuwa amekaa pale pale jikoni siku ile, anakunywa chai, ananiangalia nikisugua. Amesema alidhani najua. Nimekuagizia kibuyu kingine kwa mama mmoja wa Gorong'a anayevilima mwenyewe. Najua hakitakuwa kile.

Lakini na mimi niseme kidogo, kwa heshima. Miaka saba nasonga ugali mara mbili kwa siku katika nyumba yangu. Kwetu ugali tuliujua kama chakula cha shule ya bweni. Mama yangu akisikia nausonga kila siku anadhani tumepatwa na balaa. Mashangazi wa Vincent wakija nikawapikia ndizi, wanakula, wananishukuru kwa maneno mazuri, halafu wanapita kwa jirani yangu kuomba ugali. Nimewaona kwa macho yangu, nikanyamaza. Kwa hiyo ukiniambia sijauliza kibuyu kinaoshwaje, ni kweli. Na mimi hakuna aliyeniuliza ndizi inapikwaje mpaka nilipokutumia karatasi.

Likizo yangu ya uzazi inaisha tarehe 25. Nimempata dada wa kunisaidia kazi, anaitwa Elieth, ni mpole na Ponsiano anamkubali. Mimi sasa nina nguvu. Kuhusu lile jambo la Winfrida, Vincent anapita kwako Jumatano. Nimempa maneno yote.

Mkweo,
Editha


Busawe,
1 Septemba 2024

Mama Wegesa,

Marahaba. Vincent amenieleza. Nimekusikia, na jibu langu nimempa yeye. Kama ndivyo unavyotaka, mimi mkono bado ninao na chakula kipo. Ila kuna maneno ambayo mtu angekuja kuyasema mwenyewe, hata kama desturi haimruhusu. Nimeona niliseme hilo mara moja, sitalirudia.

Kibuyu kipya kimefika. Kidogo, lakini shingo yake nzuri. Nakifukiza polepole.

Wegesa amejifunza kukamua mbuzi. Anasimama juu ya kigoda anashika mwiko na mimi, tunasonga pamoja, anapiga kelele kwamba yeye ndiye anayesonga na mimi namsaidia. Jumapili aliniuliza ni kulala mara ngapi mpaka aende nyumbani. Nikampa karanga.

Mengine Vincent atakueleza.

Kezia Mseti


Tarime Mjini,
29 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo. Jibu lako Vincent aliniletea, na nimekaa nalo wiki nne ili nisiandike kwa hasira. Hasira bado ninayo, kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Eti mtoto atabaki kwako mpaka ajue yeye ni wa wapi. Mama, Winfrida ni wa hapa. Ana kitanda hapa, ana ndoo yake ya kuogea, ana mdogo wake ambaye hata hajamzoea. Nimeshamwandikisha darasa la awali, shule inafungua Januari. Nilikuomba kwa adabu, kwa njia mliyonifundisha ninyi wenyewe: mkwe hamdai mama mkwe, anamtuma mume. Nikatuma. Na heri ungeniandikia tu kwamba hutaki, kuliko kunijazia karatasi habari za mbuzi na karanga.

Ningekuja kumchukua mwenyewe kesho. Lakini mwaka wangu wa kwanza hapa niliambiwa kwamba kumtoa mtoto mikononi mwa bibi yake, bibi mwenyewe hajamtoa, ni kumtukana mbele ya ukoo. Kwa hiyo nakaa hapa natuma ndizi, na jioni nikitoka kazini napita kitanda chake nikiwa nimegeuza uso.

Nakuomba tena. Safari hii nimeandika, nimesahau desturi. Mrudishe mwanangu.

Editha


Busawe,
3 Novemba 2024

Mama Wegesa,

Barua hii anakuja nayo Mwalimu Justa wa shule yetu ya hapa, mtu wa kwenu huko Muleba, anakwenda Tarime kwa shughuli zake. Nimempa yeye kwa sababu nataka ikufikie.

Wiki tisa hujanijibu. Mumeo anapita hapa na fuso anasema una kazi nyingi. Mimi nimezaa sita, nimelima, nimemzika mume, na sijawahi kuwa na kazi nyingi kiasi cha kushindwa kuandika mistari miwili kwa mtoto. Ndizi zinakuja. Boksi linafunguliwa, hamna hata salamu ndani. Mtoto si mgonjwa wa wodini, anapelekewa chakula mtu anaondoka.

Nilikubali ulipomtuma Vincent aseme huna nguvu za watoto wawili, nikae naye mwaka huu na ujao. Nilisema sawa, uzazi wa kisu si mchezo. Lakini mama aliyechoka bado ni mama. Mwezi wa tisa Wegesa alikuwa anauliza kila siku. Mwezi wa kumi akauliza Jumapili tu. Sasa ameacha. Hilo ndilo limenishikisha kalamu.

Mwalimu Justa huwa anakuja kumpikia ndizi siku za Jumamosi, maana zangu mtoto alianza kuzisukuma pembeni. Sikutaka ujue hilo. Sasa umejua.

Kezia Mseti


Tarime Mjini,
5 Novemba 2024

Mama,

Shikamoo. Nimesoma barua yako mara nne nikiwa nimesimama mlangoni, mpaka Mwalimu Justa akaniuliza kama kuna msiba.

Mimi sikusema hivyo. Sikusema sina nguvu. Sikusema mwaka huu na ujao. Nilimtuma Vincent mwezi wa nane akuombe umrudishe mtoto likizo yangu ikiisha, akarudi akaniambia umekataa. Septemba tarehe 29 nikakuandikia kurasa mbili za hasira, nikampa yeye alete. Na ndani ya kila boksi la ndizi niliweka kikaratasi cha Winfrida chenye picha ya kuchora, kwa kuwa hajui kusoma. Hata hizo hazikufika.

Mwalimu Justa ameshaondoka, kwa hiyo barua hii nampa konda wa gari la Mugumu, atamkabidhi huko, naye akukabidhi wewe mkononi. Vincent sijamwuliza kitu. Nikimwuliza mimi atanipa maneno matamu na mimi nitaamini, ndivyo nilivyo. Mwulize wewe. Ni mwanao.

Mama, namtaka mwanangu. Nasema moja kwa moja na kama ni utovu wa adabu basi nihesabiwe.

Editha


Busawe,
12 Novemba 2024

Mama Wegesa,

Marahaba. Mumeo (leo ni mumeo, mimi simtaki) alipita Jumapili. Nilimwekea ugali na nyama, nikamwacha ashibe, nikachukua ufunguo wa fuso nikauweka kifuani nilipojua hawezi kuufuata. Kisha nikamsomea barua yako kwa sauti.

Mwanzo alisema umeelewa vibaya. Halafu akasema mimi nimeelewa vibaya. Halafu akatoka, akarudi na barua yako ya Septemba na zile picha za mtoto, zote alikuwa amezibana juu ya kioo pale panapokinga jua. Hakuzitupa. Amesema alishindwa kuzitupa na alishindwa kuzileta. Mtu mzima wa miaka thelathini na nane.

Sababu ni hii. Mwezi wa sita, siku alipokuwa anamleta mtoto kwangu, alitafuta kadi ya kliniki kwenye mkoba wako akakuta karatasi nyingine. Uliomba uhamisho wa kikazi urudi Muleba. Hukumwambia. Na yeye hakukuuliza, akaona mtoto akiwa Busawe wewe huendi popote. Nimemwambia mtoto si kamba ya kufungia ng'ombe. Nimemwambia mengine ambayo hayaandikiki, na Wegesa nilikuwa nimemtuma kwa jirani.

Lakini na wewe nimekukasirikia, na sitaficha. Unafunga mzigo moyoni mwaka mzima huku unaniandikia habari za mayai. Sasa niambie. Unakwenda au unabaki?

Kabla hujajibu nikwambie kitu. Unajua nilizaliwa Shirati, kule ziwani, Mjaluo. Kila mtu anajua na hakuna anayesema. Mwaka wa kwanza nimeolewa nilipika samaki, wakubwa wawili, baba yangu alikuwa ametuma. Mama mkwe akachukua sufuria akaitupa nje, sufuria na samaki pamoja, akasema nyumba hii hainuki ziwa. Sikupika tena. Ni miaka arobaini na mitatu. Wanangu hawajawahi kuniona nakula samaki. Nikienda soko la Mugumu upande wa dagaa napita polepole, halafu nanunua chumvi nisiyoihitaji. Nilimeza, na nikadhani wewe pia utameza, kwa kuwa ndivyo inavyokuwa. Ndiyo maana ndizi zako ziliniudhi. Kila boksi likifika nilikuwa namwona mtu ambaye hakumeza.

Jumamosi namleta mtoto mwenyewe. Usimwambie Vincent, akutane nasi hapo hapo.

Kezia


Tarime Mjini,
18 Novemba 2024

Mama,

Shikamoo. Juzi tumekaa mezani tangu saa sita mpaka gari lako la jioni, tumezungumza mvua, ng'ombe, na jino la Ponsiano, na hatukusema neno moja la maana. Ndiyo maana naandika tena. Sisi wawili bila karatasi hatuwezi kitu.

Winfrida amelala kwenye kitanda chake. Asubuhi aligoma chai, akataka maziwa ya kibuyu, na nikimwita Winfrida anaitika baada ya mara ya pili. Siku ya kwanza hakunikumbatia. Alinipa mkono, akasema shikamoo, kama mgeni. Niliingia chumbani nikafunga mlango. Jana jioni ndipo alipokuja mwenyewe akapanda mapajani nikiwa namnyonyesha mdogo wake, akamsukuma pembeni. Sijawahi kufurahia ukorofi kama huo.

Siku ile sikujua utakula nini, nikapika vyote: sato wawili, ndizi na maharage, na ugali wa mtama. Vincent akaniambia mbele yako kwamba mama hali samaki. Ukamwambia anyamaze ale. Mpaka unamaliza kichwa, yeye bado ameshika tonge hajalipeleka mdomoni. Winfrida akauliza bibi analia nini, ukasema pilipili. Mimi sikuweka pilipili, na Vincent anajua sikuweka, na wote tukanywa maji.

Sasa nikujibu. Uhamisho niliomba Februari, wiki ambayo mashangazi walikula kwangu wakaenda kumalizia kwa jirani. Nilichoka, Mama. Nilitaka kuishi mahali ambapo nikipakua chakula watu wanaona chakula. Jibu lilikuja tarehe 19 Agosti. Limekataliwa, wauguzi huku hawatoshi. Nililikunja nikaliweka kwenye mkoba wa kazini, sikumwambia mtu, kwa kuwa sikuwa nimemwambia mtu kwamba nimeomba.

Kwa hiyo mwanao amemzuia mtoto karibu miezi mitatu ili nisiende mahali ambapo nilishakatazwa kwenda. Na mimi ningetamka sentensi moja tu jikoni, angemrudisha siku ile ile. Nilimwambia jana. Alicheka, halafu akatoka akakaa ndani ya fuso mpaka chai ikapoa. Aliporudi aliniomba msamaha, nami nikamwomba, lakini bado nikimwangalia najisikia kumrushia kitu. Miezi mitatu ya mtoto hairudi. Ni mimi na yeye tumeila.

Unaniuliza nakwenda au nabaki. Februari naweza kuomba tena. Fomu mpya ninayo, sijaijaza na sijaichana. Ofisi imenikatalia, mume amenifungia mtoto, na wote hao wamenizuia tu. Miaka saba hakuna mtu aliyefungua kinywa akasema anataka niwepo. Nikisikia hilo kutoka kwa mtu mmoja, nitajua la kufanya na hiyo fomu.

Editha


Busawe,
24 Novemba 2024

Editha,

Marahaba. Konda amenipa barua yako mkononi, nilikuwa nimeshasimama barabarani siku mbili nikiisubiri, nikiwaambia watu nasubiri mbegu.

Vincent amekuja hapa akataka nikubembeleze kwa niaba yake. Nimemfukuza. Lake aje aliseme yeye huko nyumbani kwenu, mimi leo nasema langu.

Nyumba imenyamaza. Bado nasonga ugali wa watu wawili, nakula wa mmoja, mwingine napeleka kwa mbwa, na mbwa ananenepa. Lakini sikuandikii kwa sababu ya Wegesa, usije ukafikiri hivyo. Wala Vincent. Huyo ni mtu mzima, akiachwa atajifunza kupika.

Nataka ubaki. Nataka nikija Tarime nikukute wewe, na ulimi wako huo, na mayai yako ya kwenye magazeti. Usicheke mwandiko. Ukiona huwezi, njoo uniambie hapa kwa kinywa chako; nitakufungia mzigo mwenyewe na nitakuwa nimekasirika sana.

Hayo ndiyo niliyotaka kusema, na nimeyasema mwenyewe kwa sababu najua uzito wake. Mimi miaka arobaini na mitatu hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Nilibaki tu.

Mama yako,
Kezia